BEGA LINALOTEGUKA MARA KWA MARA: Picha zinazokwenda zafichua lililofichika

Katika mwili wa binadamu hakuna kiungo kikubwa kilichopewa uhuru wa kwenda huku na huku kama bega. Mama atwangapo mpunga, fundi apakapo rangi darini, mchukuzi ainuapo gunia hadi kichwani, na abiria ashikapo bomba la juu ndani ya basi lililojaa, wote hao hulitumia bega kwa namna mbalimbali, wala hawalifikirii hata kidogo. Lakini uhuru huo una gharama yake. Bega ndilo kiungo kikubwa kinachoteguka mara nyingi kuliko vyote. Na likishateguka mara moja, hasa kwa kijana, huwa jepesi kuteguka tena.

Taabu ya mtu mwenye bega la namna hiyo si maumivu peke yake. Aghalabu huonekana mzima kabisa. Huenda hospitali, akapigwa picha ya eksirei, na picha ikaonyesha kwamba mifupa iko mahali pake. Akirudi kazini na kusema kwamba hawezi kuinua mzigo, wenzake humdhania kuwa anatega kazi. Kumbe picha haikusema uongo. Ila ilipigwa mkono ukiwa umetulia, hali ugonjwa wake hujitokeza mkono unapokwenda. Ndiyo sababu wataalamu wa nchi mbalimbali wametafuta kwa muda mrefu njia ya kulitazama bega likiwa kazini.

MPIRA JUU YA KISAHANI

Ili kulielewa jambo hili, yafaa kwanza tutazame jinsi bega lilivyoumbwa. Ncha ya juu ya mfupa wa mkono ni ya mviringo kama mpira. Mpira huo umeegemea kishimo kilichoko pembeni mwa kombe la mkono, yaani ule mfupa bapa ulioko nyuma ya bega. Kishimo hicho hakina kina kirefu. Ni mfano wa kisahani tu, na sehemu ya mpira inayogusana nacho kwa wakati mmoja haifiki hata theluthi. Nyonga siyo hivyo. Huko mpira umezama ndani ya kikombe, ndipo tukaweza kusimama imara; lakini hakuna awezaye kuuzungusha mguu kama anavyouzungusha mkono.

Basi ni nini kinachouzuia mpira usiporomoke kutoka kwenye kisahani? Kwanza, kuna ukingo laini unaokizunguka kisahani na kukiongezea kina. Pili, kuna kano zinazofunga mfupa kwa mfupa. Tatu, kuna misuli 4 inayoukumbatia mpira na kuukandamiza kwenye kisahani kila mkono unapoinuliwa. Mwaka 1923 daktari mpasuaji wa Uingereza, Arthur Bankart, alieleza kwamba kwa watu wengi ambao mabega yao huteguka mara kwa mara, ule ukingo wa mbele umebanduka. Na mwaka 1940 wataalamu wawili wa eksirei wa Marekani, Hill na Sachs, walieleza juu ya bonde dogo linalochimbika nyuma ya mpira pale unapogongwa na ukingo wa kisahani wakati wa kuteguka.

KUTOKA MGUU WA CHURA HADI BEGA LA MTU

Mionzi ya eksirei iligunduliwa na Wilhelm Röntgen huko Ujerumani mwaka 1895. Haikupita hata miaka miwili, daktari John Macintyre wa Glasgow, Uskochi, akaunganisha picha nyingi za eksirei za mguu wa chura zikawa sinema fupi: mifupa ikaonekana ikikunjuka na kukunjana. Wakati huo huo wengine walitumia kioo kinachong'aa kinapopigwa na mionzi, wakaitazama mifupa ikienda papo hapo. Lakini watu hawakujua bado hatari ya mionzi hiyo. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison katika majaribio ya vioo hivyo, aliungua mikono, akaugua saratani na kufariki mwaka 1904.

Kwa sababu hiyo, na kwa kuwa vyombo vilikuwa bado duni, watafiti wengi waliendelea kutumia picha zilizotulia, wakizipiga moja baada ya nyingine mkono ukiinuliwa hatua kwa hatua. Mwaka 1976 Poppen na Walker walionyesha kwa njia hiyo kwamba katika bega zima, baada ya mkono kupita nyuzi 30 za kwanza, mpira hausogei juu wala chini ya katikati ya kisahani ila kwa milimita moja au mbili tu. Mwaka 1988 Stephen Howell na wenzake walitazama upande wa mbele na nyuma. Waliona kwamba mtu mzima anapourudisha mkono nyuma kabisa, kama atakaye kurusha jiwe, mpira hurudi nyuma kiasi cha milimita 4. Kwa baadhi ya wagonjwa wenye mabega yaliyolegea, mpira ulikwenda mbele badala ya kurudi nyuma. Tofauti yenyewe ni ndogo kuliko upana wa punje ya mahindi, lakini ndiyo inayomtenga mzima na mgonjwa.

VYOMBO VYA SIKU HIZI

Leo hii zipo njia kadhaa za kuufuata mwendo huo. Katika vituo vichache vya utafiti, kama vile vya Detroit na Pittsburgh nchini Marekani, mgonjwa huinua mkono mbele ya mashine mbili za eksirei zinazompiga picha kwa pamoja kutoka pande mbili. Kisha kompyuta huchukua umbo la mifupa yake mwenyewe, lililopimwa kabla kwa mashine ya CT, na kulilinganisha na kila picha. Hivyo mwendo wa mpira juu ya kisahani hujulikana kwa usahihi wa chini ya milimita moja.

Mashine za CT nazo zimeendelea. Zile kubwa zenye safu 320 za vipokezi huweza kupiga picha ya eneo lenye urefu wa sentimita 16 bila kitanda kusogezwa, zikarudia tena na tena mgonjwa akiendelea kuuzungusha mkono. Mashine za sumaku, ziitwazo MRI, hazitumii mionzi ya eksirei, nazo huonyesha kano na misuli vizuri. Ila kwa kawaida mgonjwa hulala chali, na misuli ya aliyelala haifanyi kazi sawa na ya aliyesimama. Iliyo rahisi kuliko zote ni mashine ya mawimbi ya sauti, ile ile ambayo mama wajawazito wanaifahamu. Kwa mashine hiyo daktari huweza kuitazama misuli ikienda huku mgonjwa ameketi kitini.

FAIDA YAKE NI NINI?

Pengine msomaji atauliza: kwa nini kuhangaika hivyo kwa ajili ya milimita chache? Jibu ni kwamba si mabega yote yanayolegea huponywa kwa dawa moja. Katika hospitali ya mifupa ya Stanmore, London, madaktari wamewapanga wagonjwa katika makundi matatu: walioumia kwa kuanguka au kuvutwa, wale ambao viungo vyao vimelegea bila ajali, na wale ambao misuli yao hukaza kwa mpango usiofaa, ikausukuma mpira nje badala ya kuushika. Mgonjwa wa kundi la kwanza huenda akahitaji kupasuliwa na kushonewa ukingo uliobanduka. Wa kundi la tatu akipasuliwa huenda akazidi kuharibika, maana kinachotakiwa kwake ni kuifundisha upya misuli kwa mazoezi. Kumpeleka mgonjwa huyu kwenye tiba ya yule ni kumwongezea mzigo, na pengine kumpotezea kazi.

Hata hivyo, mashine haichukui nafasi ya mkono wa daktari. Daktari mzoefu huuinua mkono wa mgonjwa polepole na kuuzungusha kwa nje, huku akimtazama usoni. Mara nyingi hofu inayojitokeza hapo humweleza mengi. Kwa hiyo, mwenye bega la namna hii asiseme tu kwamba linauma. Aeleze ni mwendo gani hasa hulifanya liteleze: kuvaa shati, kutupa kitu, kubeba mzigo, au kugeuka kitandani.

Na bega linapoteguka kwa mara ya kwanza, ndugu na jamaa wasikubali mtu yeyote alivute kwa nguvu uwanjani au nyumbani, kwani mishipa na mfupa huweza kuumia. Mkono ufungwe kwa kitambaa kilichoning'inizwa shingoni, na mgonjwa apelekwe hospitali. Likisharudishwa, mazoezi aliyoagizwa ayafanye kwa muda wote aliopangiwa, hata kama maumivu yamekwisha. Misuli ile 4 ndiyo walinzi wa bega, na walinzi hao hawapati nguvu kwa siku moja.