Taa za Gari na Moshi Wake

Zamani mizigo ya Tabora ilikwenda pwani mabegani mwa wapagazi wa Kinyamwezi, na pagazi akiumwa mguu alisema. Gari nalo husema, ila kwa taa na kwa moshi. Leo tuzungumze juu ya pikapu ile uliyonunua kwa fedha ya tumbaku, au ile mnayokodi kikundi kizima kupeleka mahindi sokoni.

Ukigeuza ufunguo kabla ya kuwasha injini, taa nyingi huwaka kwenye dashibodi. Zisikutishe, zinajijaribu. Injini ikishanguruma, za hatari lazima zizimike. Taa ambayo haikuwaka kabisa pale mwanzo itilie mashaka: pengine balbu imeungua, pengine mtu kaing'oa ili akuuzie gari bovu. Ukienda kununua gari kuukuu, anza hapo.

Taa nyekundu yenye picha ya kopo la oili, simama palepale. Siyo useme "nitasimama Nzega." Maana yake oili haizunguki kwa nguvu inayotakiwa, chuma kinasaga chuma. Dakika chache tu injini imekufa, na bei ya injini ni mazao ya msimu mzima. Zima, ngoja kidogo, chomoa kijiti upime. Oili ikiwa imejaa na taa bado inawaka, usiendeshe, gari livutwe.

Taa nyekundu ya joto, simama pia, ila usifungue rejeta ingali moto. Maji yale yatakubabua uso.

Ile ya manjano yenye umbo la injini haina haraka hiyo. Wewe wa tumbaku unajua kipimajoto cha bani. Magari ya siku hizi yana vipimo vya namna hiyo ndani ya eksozi, vinapima kama mafuta yanaungua sawasawa. Yakiungua vibaya, taa inawaka: nenda kwa fundi juma hilo hilo. Lakini ikiwa inawaka na kuzima kama inakonyeza, punguza mwendo, weka gari pembeni. Mafuta mabichi yanaingia kwenye kisafisha moshi, kitu chenye matundu kama sega la nyuki, nacho huyeyuka kwa joto. Fundi akikwambia "tufungue tu betri izimike", mkatalie. Taa itazimika, ugonjwa upo.

Sasa moshi. Mweusi: mafuta mengi, hewa haitoshi. Kwa vumbi letu la kiangazi, anza na chujio la hewa. Wa buluu: injini inakula oili. Mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto, huku maji ya rejeta yakipungua: maji yanaingia kwenye silinda.

Huko Marekani magari yaliyotengenezwa tangu mwaka 1996 hukaguliwa kwa kusoma taa hiyo ya manjano. Mahali pengi ikiwaka, gari limeanguka mtihani. Hapa kwetu askari wa usalama barabarani hutazama zaidi breki, matairi, taa na usukani, na moshi anauona kwa macho. Gari bovu barabarani ni kosa chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Na kusimamishwa njiani na nyanya zimejaa nyuma, hasara hiyo ni yako, siyo ya askari.

Neno moja zaidi: usiache injini inanguruma ndani ya banda lililofungwa. Moshi unaoua hauna rangi wala harufu.

Juma lijalo tutaongea juu ya kukausha mahindi.