Fahamu: Ualbino husababishwa na nini, na je, una tiba?

Ualbino ni hali ya kurithi ambapo mwili hutengeneza melanini kidogo sana au hautengenezi kabisa. Melanini ndiyo huipa rangi ngozi, nywele na macho.

Hurithiwaje?

Aina iliyoenea zaidi Afrika, OCA2, hutokana na hitilafu katika jeni iliyo kwenye kromosomu ya 15. Mtoto huzaliwa na ualbino akirithi jeni hiyo yenye hitilafu kwa baba na kwa mama. Wazazi wenye rangi ya kawaida wanaweza kuibeba bila kujua. Wote wawili wakiibeba, kila mimba yao huwa na uwezekano wa asilimia 25 wa kuleta mtoto mwenye ualbino.

Huathiri nini?

Macho huchezacheza, huona hafifu na huumizwa na mwanga. Ngozi huungua upesi na kuwa katika hatari kubwa ya saratani.

Matibabu

Hakuna dawa ya kuondoa ualbino. Kinachodhibitiwa ni madhara yake. Miwani na kukaa mbele darasani humsaidia mwanafunzi. Kofia pana, mikono mirefu na losheni ya jua, kama Kilisun inayotengenezwa katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, hukinga ngozi.

Ukiona kidonda kisichopona, wahi hospitali: saratani ya ngozi ikigundulika mapema hutibika.