Kusikiliza Kwanza, Mbinu Baadaye

Watu wengi waliolemewa moyoni hawaanzi kwa kusema wana huzuni. Husema kichwa kinauma, usingizi umepotea, moyo unaenda mbio. Huzunguka zahanati wakipimwa malaria na taifodi, na majibu yakitoka safi huambiwa hawana kitu. Lakini wana kitu. Hofu ikidumu, ubongo huendelea kuutaka mwili ujiandae kwa hatari: tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini na kotisoli, misuli hukaza, mapigo ya moyo hupanda, usingizi huja kwa vipande. Maumivu hayo ni ya kweli, hata kama kipimo cha damu hakiyaoni.

Mshauri nasaha anayempokea mtu wa namna hii ana njia nyingi za tiba ya mazungumzo za kuchagua. Wapo washauri wanaoshika njia moja na hawaiachi. Wengine huchota katika njia kadhaa, kulingana na nani ameketi mbele yao na ana shida gani. Hawa wa pili ndio ninaowatetea, kwa sharti kwamba mshauri ajue kwa nini anachanganya.

Msingi wa yote uliwekwa wazi na mwanasaikolojia wa Marekani, Carl Rogers. Mwaka 1957 aliandika kwamba mshauri anapaswa kuwa mkweli, kumkubali mteja bila masharti, na kujitahidi kuyaona mambo kama mteja mwenyewe anavyoyaona. Huruma ya aina hii haiishii kwenye sauti ya upole. Mama aliyefiwa na mtoto akisema amemkasirikia Mungu, mshauri hamkatizi kwa "usikufuru" wala "jikaze". Humwacha amalize, kisha humrudishia alichokisikia: "Mama, nakusikia una hasira, na unaogopa kwamba hasira hiyo ni dhambi. Nimekuelewa sawasawa?" Mama huyo akishaona kwamba maneno yake hayakumshtua msikilizaji, naye hupata ujasiri wa kuyatazama. Rogers aliamini masharti hayo yanatosha kumbadilisha mtu. Hapo mimi sikubaliani naye. Wapo wanaosikilizwa wiki baada ya wiki, wakatoka wamefarijika, na wakifika nyumbani wanakuta mambo ni yaleyale.

Aaron Beck, daktari wa Philadelphia, aliongeza kitu hapo. Katika miaka ya 1960 aliona kwamba wagonjwa wake wenye sonona walisongwa na mawazo yanayojizukia yenyewe: sifai, nimeshindwa, hakuna anayenijali. Akawafundisha kuyakamata mawazo hayo na kuyadai ushahidi. Arnold Lazarus, mzaliwa wa Johannesburg aliyefundisha Marekani, alikwenda mbali zaidi. Alimtaka mshauri achunguze maeneo saba kabla ya kuamua aanzie wapi: matendo, hisia za moyo, hisia za mwili, picha zinazokuja akilini, fikra, uhusiano na watu, na afya ya mwili pamoja na dawa au vileo.

Chukua mfano wa kijana aliyepoteza kazi. Analala mpaka saa sita mchana, amewakwepa rafiki zake, anakunywa pombe ili apate usingizi, na kila usiku anaiona sura ya bosi aliyemfukuza. Kumwambia "badili fikra zako" siku ya kwanza ni kumwongezea mzigo. Mshauri makini huanza na kinachowezekana: kuamka saa moja, kutembea, kupunguza pombe, kumpigia simu rafiki mmoja. Humfundisha kupumua polepole, akiichelewesha pumzi ya kutoka, kwa sababu pumzi hiyo huamsha neva inayoteremsha mapigo ya moyo. Mwili ukishatulia, ndipo fikra zinapopimika.

Afrika ina ushahidi wake kwamba kazi hii huzaa matunda. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili wa Zimbabwe, Dixon Chibanda, alianza mpango wake na bibi 14 katika mtaa wa Mbare, Harare. Bibi hao hukaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya kliniki. Humsikiliza kwanza, kisha humsaidia kuchagua tatizo moja kati ya mengi na kupanga hatua anayoiweza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulifuatilia watu 573. Baada ya miezi sita, dalili za sonona zilibaki kwa asilimia 13.7 ya waliopitia benchi hilo, dhidi ya asilimia 49.9 ya waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa kidogo. Mpango huo umeshafika Malawi na Zanzibar.

Huko Masaka na Rakai, Uganda, katika vijiji vilivyopigwa vibaya na UKIMWI, watafiti walichagua njia nyingine. Huzuni ya watu ilifungamana na misiba, ugomvi wa kifamilia na maisha yaliyopinduka ghafla, kwa hiyo tiba ililenga uhusiano wao na watu, katika vikundi vya wanawake na vya wanaume vilivyokutana kwa wiki 16. Mwishoni, asilimia 6.5 ya washiriki ndio waliokuwa bado na sonona kali, dhidi ya asilimia 54.7 ya wale ambao hawakuwa kwenye vikundi. Njia iliifuata shida ya watu, na kwangu hilo ndilo funzo kubwa la Uganda.

Nia njema peke yake inaweza hata kuumiza. Kwa miaka mingi watu walionusurika ajali na majanga walikalishwa mara moja na kutakiwa wasimulie yote katika kikao kimoja. Tafiti zilionyesha kwamba hilo halizuii kiwewe, na huenda likamzidishia mtu madhara. Mshauri anatakiwa pia kujua mwisho wa uwezo wake: tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi huleta wasiwasi na mapigo ya haraka, na anayesikia sauti wasizozisikia wengine anahitaji daktari. Mtu akigusia kutaka kufa, aulizwe waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo, ila humfungulia mlango wa kusema, na akikubali asiachwe peke yake mpaka afikishwe hospitali.

Unayekwenda kwa mshauri mara ya kwanza, muulize atakusaidia kwa njia gani, kwa nini ameichagua hiyo, na mtajuaje kwamba inafanya kazi. Vikao vikipita bila nafuu, uliza tena. Mshauri mzuri hatanuna. Atakaa nawe muangalie nini kibadilishwe, au atakuelekeza kwa mwingine.