Msimu wa joto kwenye maziwa ya Uingereza: mgeni njoo, mwenyeji apone

Joto la Maskati likishapanda mpaka usukani wa gari haushikiki, simu za ukoo huanza: mwaka huu mnakwenda wapi? Wako wanaojibu Salalah, kwenye manyunyu ya kharif. Wako wa Geneva, na wako wa Zell am See huko Austria, pahala ambapo familia za Ghuba zimepazoea kama kwao. Lakini wengi wetu wenye asili ya Unguja, Pemba na Mombasa tuna jawabu moja tu: tunakwenda kwa jamaa. Baada ya 1964 watu wetu walitawanyika, na wengi waliangukia Uingereza. Wajukuu zao leo wako Manchester, London, Leicester na kwengineko.

Makala hii ni ya hao wanaokwenda kwa jamaa. Mwaka huu mimi na mzee wangu, pamoja na binti yetu na wanawe, tumekaa wiki tatu kaskazini-magharibi ya Uingereza, na wiki moja katika hizo tumeimaliza kwenye maziwa. Kaka yangu aliponipigia simu kutoka Mombasa aliuliza, "Mnakwenda kuyanywa au kuyaangalia?" Nikamwambia yote mawili, na si utani, kama mtakavyoona.

Nchi yenyewe

Sehemu hiyo inaitwa Lake District, nayo imo katika mkoa wa Cumbria. Kutoka Manchester kwa gari ni kiasi cha saa moja na nusu hadi mbili, ukishika barabara kuu ya M6. Treni pia inafika mpaka mji wa Windermere, na imekuwa ikifika tangu 1847. Ni hifadhi ya taifa tangu 1951, yenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 2,300, na 2017 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia.

Msidhani ni hifadhi kama Serengeti au Tsavo, ya wanyama pori na watalii. Humu mna vijiji, mna skuli, mna maduka, na mna kondoo kila upande ukigeuka. Wafugaji wanaishi humo kama walivyoishi babu zao, na kuta za mawe yaliyopangwa bila ya udongo wala saruji zinapanda milima mpaka juu. Mlima mrefu kuliko yote, Scafell Pike, una mita 978, haufiki hata theluthi ya Jabal Shams yetu. Lakini uzuri wake si wa urefu. Ni wa rangi ya kijani na maji, na mawingu yanayoteremka mpaka unahisi utayashika.

Ziwa kubwa ni Windermere, lenye urefu wa kama kilomita 17. Mwalimu hastaafu, kwa hivyo niwape somo dogo: katika maziwa yote makubwa ya huko, moja tu, la Bassenthwaite, ndilo lenye neno "Lake" katika jina lake rasmi. Mengine yanaishia na "mere" au "water", nayo ni maneno ya kale yenye maana hiyo hiyo ya ziwa au maji. Ukisema "Ziwa la Windermere" ni kama umesema ziwa mara mbili, sawa na sisi tunaposema "bonde la Wadi Bani Khalid".

Maji yanayokwenda yenyewe

Mtoto wa kaka yangu, ambaye ndiye aliyetupokea, ameishi Manchester miaka 14. Ni muuguzi. Miaka yote hiyo amekuwa akipikia, akikogea na akinywa maji yanayotoka kwenye maziwa yale, na hajapata kuyaona hata siku moja.

Khabari ya maji hayo inafaa kuwahadithia watoto. Karne ya 19 Manchester ilikuwa mji wa viwanda, watu wengi na maji safi hakuna ya kutosha. Wakuu wa mji wakaliendea ziwa la Thirlmere, mbali huko milimani. Wakajenga bwawa, maji yakapanda, na makazi ya bondeni yakazama. Kisha wakachimba njia ya maji ya kama kilomita 154, mahandaki na mabomba, mpaka Manchester. Maji ya kwanza yalifika mjini 1894, na yanakuja mpaka leo. Hayasukumwi na pampu yoyote: njia nzima imepewa mteremko mdogo mdogo, maji yakaachiwa yatembee yenyewe.

Mzee wangu aliposikia haya alicheka, akasema, "Hii si falaj tu hii?" Kweli, ni falaj. Wazee wa Oman walijua siri hiyo kabla ya Manchester kuwa mji, na aflaj tano za Oman, ikiwemo Falaj Daris ya Nizwa, zimo katika orodha ya UNESCO tangu 2006. Wajukuu zangu walikuwa wanaiona falaj kama kitu cha kizee. Waliposimama juu ya ukuta wa bwawa la Thirlmere waliitazama kwa macho mengine.

Ziwa jengine, Haweswater, lina khabari nzito zaidi. Katika miaka ya 1930 Manchester ilihitaji maji mengine, na safari hii kijiji kizima cha Mardale kikazamishwa. Nyumba zilivunjwa, kanisa likavunjwa, na hata maiti walifukuliwa makaburini wakahamishiwa kijiji cha Shap. Mwaka wa ukame mkali maji yanaposhuka, kuta za mashamba na daraja la zamani huonekana tena. Sisi tuliozaliwa pahala na kuzeekea pahala pengine hatuhitaji kuelezwa maana yake. Tulisimama pale kimya, kisha mzee wangu akawasomea Fatiha wazee wetu waliobaki chini ya ardhi mbali na sisi.

Hesabu ya mwenyeji

Sasa nije kwenye lile lililonifanya niandike. Usiku wa tatu baada ya kufika, watoto wamelala, mtoto wa kaka yangu alikaa na mimi jikoni, tukinywa chai ya tangawizi. Nikamuuliza mbona hajapata kwenda ziwani miaka yote hiyo na si mbali. Akasita. Kisha akasema:

"Shangazi, nikwambie kweli? Mimi napenda wageni wallahi. Lakini wakija, najua likizo yangu ya mwaka imekwisha."

Akanihesabia. Sharia ya Uingereza inampa mfanyakazi wa siku tano kwa wiki likizo ya malipo isiyopungua siku 28 kwa mwaka, na mwajiri anaweza kuzihesabu humo humo sikukuu za serikali, ambazo England ni 8. Wako wanaopata zaidi kidogo, lakini si nyingi. Wakija jamaa wa Dubai wiki moja, wa Maskati wiki moja, na wa Unguja siku kumi, basi mwaka umekwisha. Hajapumzika, na wanawe hawajatolewa nje.

Akanieleza pia kundi moja la jamaa, sisemi nani, waliofikia kwake watu saba. Nyumba ni ya vyumba vitatu na choo kimoja. Hana mfanyakazi wa nyumbani. Alikuwa anatoka zamu ya usiku ya saa 12, analala saa mbili, kisha anaendesha gari kuwapeleka madukani. Jioni anapika. Walipoondoka walimshukuru sana, na mmoja akasema, "Umefaidi, nyumba ilijaa watu." Yeye alifunga mlango akalia.

Sisi wa Ghuba tumezoea nyumba kubwa, viyoyozi na msaidizi jikoni. Mgeni akija kwetu hatuoni uzito. Kule uzito upo, na mwenyeji hausemi, kwa sababu kalelewa vizuri. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tunaipenda ile nyengine, mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini apone vipi, kama mgeni mwenyewe ndiye maradhi?

Wageni tukawa wenyeji

Binti yangu alikuwa amekwisha kukodi nyumba ndogo ya mawe karibu na ziwa la Ullswater kwa wiki moja. Nyumba hizi za shamba hukodishwa kwa wiki nzima, na zinazofaa huwahiwa mapema, tangu baridi. Tuliichukua yenye vyumba vya kututosha sisi na wao, kwa gharama yetu, na tukamwambia mtoto wa kaka yangu: wiki hii wewe ndiye mgeni.

Nyama ya halali tulinunua Rusholme, Manchester, tukaipanga kwenye sanduku la barafu. Bizari na halua zilitoka Maskati. Kupika tuligawana kwa zamu, na vyombo waliosha wanaume. Mzee wangu siku ya kwanza aliosha sufuria moja kwa nusu saa. Kufikia siku ya tano alikuwa fundi.

Asubuhi ya siku ya pili, mtoto wa kaka yangu alichukua kiti akakiweka ukingoni mwa maji. Alikuwa na kitabu, lakini hakukifungua. Alilala pale pale kitini saa mbili na zaidi, shali imemfunika mabegani, na wanawe wakimpita kwa kunyata. Sijaona mandhari nyengine katika safari nzima iliyonifurahisha kuliko ile.

Ullswater ilikuwa na yangu pia. Skuli ya sekondari ya misheni niliyosoma, tulifundishwa shairi la Wordsworth la maua ya manjano, na hakuna hata mmoja darasani aliyewahi kuliona ua lenyewe. Maua yale Wordsworth na dada yake waliyaona kando ya ziwa hili, tarehe 15 Aprili 1802. Mwezi wa Agosti hayapo, huchanua majira ya machipuko. Lakini tulipanda meli inayoitwa Lady of the Lake, iliyoanza kazi 1877 na inachukua abiria mpaka leo, nikawaonyesha wajukuu ufuko wenyewe. Wordsworth huyo huyo, uzeeni, aliipinga reli ya Windermere akiogopa umati utaiharibu nchi yake. Sijui angesema nini angetuona sisi na masufuria yetu ya biriani.

Watoto walipendelea Hill Top, shamba alilolinunua Beatrix Potter 1905 kwa fedha za hadithi zake za sungura. Alipofariki 1943 aliacha zaidi ya ekari 4,000 kwa shirika la National Trust, ili zisijengwe na wafugaji wabaki. Nikawaambia: huyo aliandika vitabu vidogo vidogo, akanunua milima.

Adabu za njiani

Kule mna njia za miguu zinazopita katikati ya mashamba ya watu, na sharia inakuruhusu kupita. Lakini ukifungua geti, lifunge, maana kondoo watatoka. Wajukuu zangu wanajuana kwa Kiingereza, wale wa Manchester na wale wa Maskati, na Kiswahili chao ni cha kuokoteza. Ila wiki ile "Funga geti!" walilipiga kelele kutwa, na likawa neno la mchezo mpaka wakati wa kulala. Yalifuata "ngoja", "nipe" na "wewe kwanza". Ni kidogo, lakini kilianza chenyewe, bila ya bibi kukazania.

Chukueni makoti ya mvua hata Agosti. Kijiji cha Seathwaite hupata zaidi ya milimita 3,000 za mvua kwa mwaka, na Maskati yetu ni kama 100. Mwanzo wa Agosti Maghrib ni baada ya saa 3 usiku, na nyakati za Isha hutofautiana baina ya ratiba za misikiti, kwa hivyo shikeni ratiba moja mapema. Pahala pa kusali ni popote penye majani makavu. Peremende na keki someni karatasi kwanza, nyengine zina jelatini au mafuta ya nguruwe.

Kabla ya kukata tiketi

Kwa mwakani, nawaombeni mpige simu kabla ya kukata tiketi, muulize mambo matatu. La kwanza, skuli za huko zinafungwa lini? England hufunga mwisho wa Julai, na mzazi anayemtoa mtoto darasani kabla ya hapo anaweza kutozwa faini. Ukienda Juni utawakuta wote kazini na skuli. La pili, una siku ngapi za likizo, na ngapi ungependa uwe na sisi? Msiulize "unaweza kutupokea?", maana jawabu litakuwa ndiyo hata kama hawezi. La tatu, pahala gani hapo karibu hujapata kwenda?

Jawabu la hilo la tatu ndilo liwe safari yenu. Kila mji wenye jamaa zetu una ziwa lake, au bahari, au mlima, ambao wao wanauona kwenye ramani tu. Mtoto wa kaka yangu sasa anasema Thirlmere ni saa mbili tu, atawapeleka wanawe tena kabla ya baridi, bila ya sisi.