Brosi ya vesti si brosi ya salopeti

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba, leo tunazungumza juu ya chombo kidogo kinachojulikana sana Nyalukemba: brosi ya nguo. Ni chombo kizuri. Lakini kuna nguo moja ambayo brosi haitakiwi kuigusa ikiwa kavu, na hiyo ndiyo nguo ya kazi ya mgodi.

Kwanza vesti. Sufu haipendi kufuliwa kila mara, basi brosi ndiyo inayoondoa mavumbi ya kiangazi kabla hayajazama katika nyuzi. Ukienda kununua soko la Kadutu, usidanganywe na mti unaong'aa. Pitisha kidole juu ya nywele zake: zikilala kisha zikasimama tena, ni nzuri, zikibaki mkononi, irudishe. Nywele za nguruwe zinafaa koti zito, za farasi ni laini kwa kitambaa chepesi. Nailoni ngumu hukwaruza sufu. Piga kutoka juu kwenda chini, usisugue mbele na nyuma. Tope liache likauke kwanza. Na brosi ya viatu ibaki kwa viatu; kola nyeupe yenye siraji siku ya ndoa haichekeshi.

Sasa salopeti. Baba anarudi kutoka machimbo, kwa mfano Kamituga, na mfuko wa nguo za kazi. Mama anazikung'uta mbele ya nyumba, anazipiga brosi, watoto wako karibu. Hapo ndipo hatari. Mavumbi ya mwamba mara nyingi yana silika. Chembe zinazofika ndani ya mapafu hazizidi sehemu moja ya mia ya milimita. Jicho halizioni, nazo huelea hewani muda mrefu. Zinaacha makovu mapafuni. Ugonjwa huo, silikosi, hauna dawa ya kuuponya, tena unakifungulia mlango kifua kikuu.

Je, nguo peke yake inaweza kuleta ugonjwa nyumbani? Mwaka 1965, mjini London, watafiti Newhouse na Thompson waliandika juu ya wagonjwa wa kansa inayoletwa na asbesto. Kati yao walikuwamo wanawake ambao hawakufanya kazi ya asbesto hata siku moja. Walifua nguo za waume zao. Asbesto si silika, lakini njia ya mavumbi ni ile ile: kutoka mgongoni mwa baba mpaka kwenye beseni la mama.

Basi, vua salopeti kazini kama kuna chumba cha kubadilishia. Usijipulize kwa hewa ya kompresa: inarusha mavumbi usoni pako na inaweza kuumiza macho. Funga nguo katika mfuko. Nyumbani, zitumbukize polepole ndani ya maji, ziloweke, ndipo uzisugue. Ni sababu ile ile inayofanya mashine ya kutoboa mwamba itiwe maji: vumbi lililolowa haliruki. Nguo za mtoto zifuliwe mbali. Maji machafu yasimwagwe katikati ya lopango, kwa maana yakikauka mavumbi yanaamka tena.

Siku ambayo bomba halitoi maji, acha mfuko umefungwa, nje ya chumba cha kulala, mpaka maji yapatikane.