Je, Wajua? Shule za Upili za Meru na Embu

Je, wajua kwamba shule za kitaifa nchini Kenya zilikuwa 18 tu hadi serikali ilipoanza kuzipandisha nyingine hadhi mwaka 2011? Katika upanuzi huo Meru ilipata Meru School na St. Mary's Igoji, Embu ikapata Moi Mbiruri na Siakago Girls. Lakini shule nyingi za eneo hili ni za kaunti ndogo, za kutwa, na majina yake hayasikiki matokeo yakitangazwa.

Wajua kwamba pesa za serikali hufuata idadi ya wanafunzi? Elimu ya kutwa bila karo ilipoanza mwaka 2008, kila mwanafunzi alitengewa shilingi 10,265 kwa mwaka. Tangu 2018 kiwango rasmi ni 22,244. Piga hesabu: shule ya wanafunzi 80 hutengewa shilingi 1,779,520, na yenye 800 hutengewa mara kumi ya hizo. Ilhali shule zote mbili zinahitaji maabara, mlinzi, karani na umeme. Shule ndogo ikifanya vibaya hulaumiwa mwalimu mkuu, na huo si uungwana.

Wajua karo ya bweni hutoka wapi? Igembe na Tigania ni miraa, Mbeere, katika Embu, ni muguka, aina ya miraa, Imenti na Runyenjes ni majani chai na kahawa. Bonasi kuu ya chai hulipwa mara moja kwa mwaka, karibu Oktoba. Lakini muhula wa kwanza, wenye karo yake, hufunguliwa Januari. Uingereza ilipopiga marufuku miraa mwezi Juni 2014, soko hilo la wakulima wa Meru lilifungwa. Mei 2024 kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zikapiga marufuku muguka. Pwani ilitaja afya ya vijana wake, Embu ikataja karo ya watoto wake. Zote zilisema kweli. Na miraa hiyohiyo inayolipa karo huwatoa wavulana darasani: kijana akishazoea pesa ya kuchuma, kumrudisha shuleni ni kazi ngumu.

Wajua kwamba usiku wa Julai 13, 1991, wasichana 19 walikufa na 71 wakabakwa na wanafunzi wenzao katika shule ya mseto ya St. Kizito, Tigania? Mzazi anayechagua bweni ana haki ya kuuliza kuhusu usalama kabla ya alama.

Wajua kwamba tangu KCSE ya 2023, mtihani wa kidato cha nne, alama ya jumla huhesabiwa kwa hisabati, lugha moja na masomo mengine matano bora? Lugha hiyo yaweza kuwa Kiswahili badala ya Kiingereza. Mwaka 2024 walifanya mtihani watahiniwa 962,512 nchini; 246,391 walipata C+ na zaidi, karibu mmoja kati ya wanne.

Wajua kwamba mwaka 2025 hakukuwa na kidato cha kwanza popote Kenya? Mtaala mpya unachukua nafasi ya ule wa zamani: KCPE ya mwisho, mtihani wa darasa la nane, ilifanywa 2023, Gredi ya 10 ikaanza 2026, na KCSE ya mwisho ni 2027.

Ukikaa Maua, Nkubu, Runyenjes au Siakago, nenda shule ya kutwa iliyo karibu nawe uulize jambo moja: ina walimu wangapi wa hisabati? Kisha mpelekee mbunge wako jibu hilo.