Sababu gani wengine wanachelewa ku masomo?



Kila asubuhi sisi ma-chef wa kalasi ya mwisho tunasimama ku mulango na kaye ya wachelewaji. Mbele tulikuwa tunaandika jina, tunatoa azabu, imeisha. Mwezi uliopita tulianza kuuliza maswali mawili: unapita njia gani, na asubuhi nyumbani unafanya kazi gani?

Kwanza tufahamu mji wetu. Ulianza 1910, na njia zake zimenyooka kama mistari ya kaye. Lakini Wabelgiji hawakutaka watu weusi walale karibu nao. Mwaka 1921 waliweka cité yetu ya kwanza, tunayoita leo Kamalondo, na katikati wakaacha uwanja mtupu, «zone neutre». Walisema ni kwa ajili ya malaria, mbu asivuke! Nyuma zikaja Kenya, Katuba, Ruashi, mbali zaidi na mji. Masomo mengi ya zamani yalijengwa upande wa mji. Leo kila mtu anakaa anapoweza kulipa, lakini ule mwendo mrefu umebaki. Watoto wa kampi za Union Minière walikuwa na bahati ingine: kampuni iliweka masomo ndani ya kampi, mtoto anatoka, anafika.

Tuseme kweli, mwendo peke yake si kitu. Mu Katuba mtoto wa miaka saba anapita peke yake bila woga, kwa sababu kila mama anayeuzisha makala mbele ya lupango anajua ni mwana wa nani. Shida ni ku njia kubwa. Pale hakuna anayemjua, mabasi yanakimbia, na hakuna nafasi ya miguu. Wakati wa mvula mifereji inajaa, basi anashuka katikati ya motokari. Kwa wenye mali ni kuta ndefu na kimya. Kule watoto wanapelekwa na motokari hata kama masomo ni karibu.

Halafu kuna nyumba. Mwenzetu mmoja wa kalasi za chini tulimwandika mara tisa. Kumbe anaamka gizani, anachota maji, anapeleka wadogo wawili ku masomo yao, kisha yeye anavuka reli. Mama ameisha kwenda soko. Tangu 2019 masomo ya msingi ya Leta hayalipishwi. Wale wadogo wamepata kusoma, na ni vizuri sana. Lakini wa kuwapeleka ni yaya wao. Tulimfagisha uwanja mara tisa. Tumemwomba samahani.

Bwana Préfet amekubali tujaribu mwezi mmoja. Mwenye kupeleka wadogo ataingia mpaka 7 h 45 bila azabu, akileta barua ya mzazi. Wa Katuba watatembea pamoja, mkubwa mmoja mbele, mmoja nyuma. Wenye kutaka kuongoza watupe majina mbele ya siku ya ine.